Jedwali Moja, Maandishi Mengi: Jinsi Programu Inavyoandika Programu

Jina la mwanafunzi likiandikwa kwa mkono katika daftari la darasa, katika kitabu cha ada na katika cheti, si ajabu siku moja maandishi hayo matatu yasipatane. Aliyekuwa Saidi darasani huwa Saidia katika cheti, naye hutaabika atafutapo kazi. Hakuna aliyekusudia kosa hilo. Jambo moja lilinakiliwa mara tatu. Waandishi wa programu za kompyuta hukabiliwa na tatizo lilo hilo. Katika makala hii tutaeleza njia moja ya kuliepuka.

Tuchukue mfano wa PostgreSQL, programu ya kuhifadhi data ambayo asili yake ni mradi ulioanza mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Inaposhindwa kutekeleza amri, programu hii hutoa sentensi ya maelezo pamoja na kitambulisho cha kosa chenye alama 5. Kwa mfano, 22012 maana yake ni kugawanya kwa sifuri. 23505 ni kurudia thamani isiyoruhusiwa kurudiwa. Na 40P01 ni kazi kukwama kwa kuwa kila moja yaingojea nyenzake.

Sentensi huweza kubadilika kufuatana na lugha ya mtumiaji, lakini kitambulisho hubaki kile kile. Hicho ndicho programu nyingine hukitazama ili kuamua la kufanya. Ikipokea 40P01, yafaa ijaribu kazi upya. Ikipokea 23505, kwa kawaida kurudia amri ile ile hakuna faida. Hivyo basi, kitabu cha maelezo kikihitilafiana na programu, uamuzi utapotoka.

Kila kosa hupaswa kutajwa mahali pengi: katika maandishi ya programu kwa lugha ya C, katika orodha ya majina itumiwayo na lugha ya PL/pgSQL, na katika kitabu cha maelezo. Hapo awali orodha hizo zilitunzwa kwa mkono, kila moja peke yake. Tangu toleo la 9.1 la mwaka 2011, asili yake ni jedwali moja, katika faili liitwalo errcodes.txt. Mstari wake mmoja ni huu:

22012 E ERRCODE_DIVISION_BY_ZERO division_by_zero

Herufi E yaonyesha kuwa hili ni kosa, wala si onyo. Jina la kwanza ni la lugha ya C. La pili ni la PL/pgSQL. Programu ya lugha ya Perl husoma jedwali mstari kwa mstari, kisha huandika maandishi ya C yenyewe:

#define ERRCODE_DIVISION_BY_ZERO MAKE_SQLSTATE('2','2','0','1','2')

Kutokana na mstari uo huo huzalishwa pia orodha ya majina na jedwali la kitabuni. Anayetaka kuongeza kosa jipya huongeza mstari mmoja tu.

Mambo mawili yazingatiwe. Kwanza, faili lililozalishwa lisirekebishwe kwa mkono, maana marekebisho hayo yatafutika litakapozalishwa tena; ndiyo sababu mwanzoni mwake huandikwa onyo. Pili, mashine hunakili kwa uaminifu lakini haijui ukweli. Jedwali likikosea, kosa litaenea kote. Hata hivyo, kosa la namna hiyo husahihishwa mahali pamoja, na usahihi nao huenea kote vivyo hivyo.