ELIMU KWA UMMA: Tusome Vema Masharti ya Safari Wakati wa Mlipuko

Ndugu mkazi, wakati wa mlipuko wa ugonjwa, tangazo lililosikika nusu laweza kumkwamisha msafiri njiani, mbali na mgonjwa au msiba aliokuwa akiuwahi. Tujifunze kwa majirani zetu wa Kenya wakati wa UVIKO-19.

Tarehe 26 Machi 2021, Nairobi, Kiambu, Kajiado, Machakos na Nakuru zilitangazwa kuwa eneo moja la maambukizi. Kuingia na kutoka humo kulipigwa marufuku. Amri ya kutotoka nje ilianza saa 2 usiku, ilhali kaunti nyingine zilibaki na saa 4. Hivyo aliyetoka Nairobi kwenda Nakuru alikuwa bado ndani ya eneo. Aliyekwenda Mombasa alivuka mpaka uliofungwa.

Tarehe 18 Juni mwaka huohuo, kaunti 13 za magharibi na Ziwa, zikiwamo Kisumu na Migori, ziliwekewa amri ya kutotoka nje kuanzia saa 1 jioni. Safari za kuingia na kutoka huko hazikukatazwa, bali wananchi walihimizwa kuziepuka, isipokuwa za matibabu, dharura na huduma muhimu. Ushauri si marufuku, lakini ugonjwa hautofautishi hayo mawili.

Kwa hiyo, kila tangazo tuliulize: Linahusu eneo gani? Linaanza na kukoma lini? Linakataza au linashauri? Nani ameruhusiwa? Jibu moja likikosekana, tumwone Mtendaji wa Kata kabla ya kukata tiketi.