Wimbo Mmoja, Kanda Mbili: Kwa Nini Bendi Hurekodi Upya Nyimbo Zake za Kale

Mwaka huu nimeombwa niandike somo, nami nimechagua jambo ambalo wengi wetu tunalisikia kila siku ndani ya matatu bila kulitilia maanani. Utasikia wimbo wa zilizopendwa, kondakta anaitikia, abiria wazee wanatikisa vichwa. Halafu siku nyingine utausikia wimbo ule ule, bendi ile ile, lakini gitaa limebadilika na sauti ya mwimbaji imekuwa nzito. Hapo ndipo watu huulizana, je, huu ni wimbo mpya au ni ule wa zamani? Na ikiwa ni ule wa zamani, kwa nini wenyewe wameurudia?

Nitaeleza maneno kwanza, kisha sababu, kisha mifano, na mwisho nitataja yale yatupasayo kujua sisi wanafunzi.

1. Maana ya maneno

Katika wimbo uliorekodiwa kuna mali mbili, na ni lazima tuzitenganishe.

(a) Utunzi. Haya ni maneno ya wimbo na mpangilio wa sauti zake. Mwenyewe ni mtunzi. Akifa, haki huenda kwa warithi wake.

(b) Kanda ya asili. Hii ni sauti yenyewe iliyonaswa siku ile studioni, ambayo nakala zote hutokana nayo. Siku hizi inaweza kuwa ndani ya kompyuta, lakini wazee bado huiita kanda, nami nitaiita hivyo. Kwa sheria yetu ya Kenya, yaani Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, mwenye kanda ni yule aliyefanya mipango ya kurekodi. Mara nyingi huyo ni kampuni au mwenye studio. Wanamuziki wana haki zao kama watendaji, lakini wakitia sahihi mkataba wanaweza kuzitoa.

Muda wa kinga pia hutofautiana. Utunzi hulindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Kanda hulindwa miaka 50 baada ya mwaka iliporekodiwa. Kwa mfano, mtu akirekodi wimbo wake mwaka 2005 kisha afariki mwaka 2040, kanda italindwa hadi mwisho wa 2055, nao utunzi hadi mwisho wa 2090.

Mfano rahisi ni wimbo wa Jambo Bwana ambao kila mtalii anaujua. Mtunzi wake ni Teddy Kalanda Harrison wa bendi ya Them Mushrooms, na ulitoka mwaka 1982. Mwaka 1983 bendi ya Boney M kutoka Ujerumani ikauimba kwa mtindo wake. Kanda zikawa mbili, kila moja na mwenyewe, lakini mzizi wa utunzi ukabaki mmoja.

2. Sababu za kurekodi upya

La kwanza ni mali. Bendi iliyo huru, yaani isiyo chini ya kampuni yoyote, inaweza kuingia studioni kwa pesa zake na kurekodi nyimbo zake upya. Kanda mpya ni yake. Mtu wa filamu au wa tangazo la biashara akitaka wimbo, anaweza kuijia bendi badala ya kwenda kwa kampuni iliyoshika kanda ya zamani. Lakini tahadhari: mikataba mingi ina kifungu kinachomzuia mwanamuziki kurudia wimbo kwa miaka kadhaa, kwa hiyo ni lazima kwanza kuisoma.

La pili ni kuokoa kilichopotea. Kanda za zamani huliwa na ukungu, huungua, au hutupwa studio inapofungwa. Kama hakuna aliyeweka nakala, wimbo hubaki vichwani mwa watu tu.

La tatu ni nafasi. Zamani santuri ndogo ilibeba dakika nne au tano hivi kila upande. Ndiyo maana nyimbo nyingi za rumba na benga zilikatwa mbili, sehemu ya kwanza upande mmoja na sehemu ya pili upande wa nyuma. Mchezaji alikuwa akingoja mtu ageuze santuri huku jasho linamkauka! Leo wimbo unaweza kwenda moja kwa moja, taratibu mpaka pale magitaa yanapochachamaa.

La nne ni umri. Mwanamuziki wa miaka 65 anaelewa wimbo alioutunga akiwa na miaka 25 kwa namna nyingine. Anataka kuusema tena kama mtu mzima.

3. Mifano

Bendi ya Squeeze ya Uingereza ilianzishwa London mwaka 1974. Mwaka 2010 walitoa albamu ya nyimbo zao za zamani walizozirekodi upya, wakajitahidi zifanane kabisa na zile za kwanza. Jina la albamu lenyewe ni mzaha, Spot the Difference, yaani tafuta tofauti. Shida yao ilikuwa kwamba kanda za zamani hazikuwa mikononi mwao. Walichotaka ni kanda pacha ambayo ni yao.

Mwimbaji Taylor Swift wa Marekani, ambaye darasani kwetu ana mashabiki wasiohesabika, si bendi, lakini kisa chake ni hicho hicho. Kanda za albamu zake sita za kwanza ziliuzwa mwaka 2019. Akarekodi upya albamu nne, mbili mwaka 2021 na mbili mwaka 2023. Mwaka 2025 akafaulu kuzinunua zile kanda za kwanza. Yeye alikuwa na uwezo. Wanamuziki wengi hawana.

Sasa tuje Afrika. Orchestra Baobab ya Dakar, Senegal, ilianza mwaka 1970 na ikavunjika katika miaka ya 1980. Mpiga gitaa wao Barthélemy Attisso alikuwa mtu wa Togo aliyekwenda Dakar kusomea sheria. Bendi ilipovunjika alirudi kwao akawa wakili, gitaa akaliweka kando miaka mingi. Mwaka 2001 wenzake walipokutana tena, ilimbidi ajifunze upya kwa vidole vyake mwenyewe nyimbo ambazo dunia ilikuwa ikimwiga. Mwaka 2002 wakatoa albamu ya Specialist in All Styles, na ndani yake wakarudia baadhi ya nyimbo zao za kale. Hawa hawakutafuta pacha. Waliacha uzee usikike.

Hapa kwetu wako Les Mangelepa. Bendi hii ilizaliwa Nairobi mwaka 1976, wanamuziki kutoka Zaire (Kongo ya leo) walipojitenga na bendi ya Baba Gaston ili wajitegemee. Nyimbo kama Embakasi na Nyako Konya ziliwapa jina Kenya nzima. Mwaka 2017, zaidi ya miaka 40 tangu waanze, ilitoka albamu yao ya Last Band Standing, yenye nyimbo zao za zamani walizozirekodi upya. Jina hilo maana yake ni bendi ya mwisho iliyobaki imesimama. Msomaji ukizisikiliza, utaona hawakujifanya vijana. Tarumbeta zinaingia pale pale zilipokuwa zikiingia, lakini mwendo una utulivu wa watu wasio na haraka ya kumpendeza mtu.

Kwa hiyo njia ni mbili: kuunda pacha, au kuusema wimbo upya. Pacha hutafuta mali. Kusema upya hutafuta mali pia, na kitu kingine juu yake.

4. Mwalimu wa fasihi angesema nini?

Katika fasihi simulizi tumefundishwa kwamba kazi huishi katika utendaji. Fanani akisimama mbele ya hadhira, ngano huzaliwa upya. Nyanya akitamba ngano ya sungura leo, na kesho akaitamba tena akiongeza wimbo na kupunguza fisi, hakuna mjukuu anayemwambia, "Nyanya, hii ya leo ni bandia, ile ya jana ndiyo asili." Zote ni zake.

Ni kanda iliyoleta neno asili. Sauti iliponaswa kwa mara ya kwanza, utendaji mmoja kati ya mia ukawa ndio wimbo, na ule mmoja ukapata mwenyewe ambaye huenda hajui hata kushika gitaa. Mimi naona bendi inayorekodi upya inarudi kwa fanani. Inasema: wimbo ni wetu, na tunaweza kuutamba tena.

5. Jambo lililo karibu nami

Nisingeyajua haya yote kama si mjomba wangu. Katika miaka ya 1990 alipiga gitaa la besi katika bendi ndogo ya watu sita. Walirekodi nyimbo nne katika studio moja mjini. Walipewa nauli na chai, wakaambiwa mengine yatafuata. Hayakufuata. Hawakuwa na karatasi yoyote. Kanda ilibaki huko, na mwenye studio alipohama hawakujua alikoipeleka. Leo nyimbo mbili kati ya hizo zinapigwa kwenye simu za watu, zimewekwa kwenye intaneti na mtu asiyejulikana, hata jina la bendi limekosewa. Mjomba husikia vidole vyake mwenyewe vikicheza, na hana senti wala nakala.

Katika wale sita, wamebaki watatu. Mwaka huu waliamua kurekodi upya. Kumbe kazi ya kwanza haikuwa gitaa. Mtunzi wa nyimbo zile alikuwa mwimbaji wao, na ameshafariki. Kanda ni kitu kimoja, utunzi ni kingine. Basi walikwenda kwa mjane wake, wakakaa, wakaeleza. Mama yule hakutaka mambo ya pesa kwanza. Alisema, "Jina lake liandikwe mbele, na liandikwe sawasawa." Wakaandika. Wakatia sahihi wote wanne, naye kijana wake akawa shahidi.

Studioni ilibidi washushe sauti ya wimbo, maana mjomba ndiye anayeimba sasa, na ile ya juu ya marehemu haifiki. Mama yangu alipousikia alisema waziwazi kwamba ule wa zamani ni mtamu zaidi. Mjomba hakubisha. Alimjibu, "Dada, huo nao ni mtamu, lakini huu una risiti."

Mimi nilisikiliza zote mbili usiku kucha nikifanya kazi ya nyumbani ya hesabu. Katika ile ya kwanza kuna kijana anayemtaka msichana arudi. Katika ya pili kuna mzee anayejua kwamba hakurudi. Maneno ni yale yale, hata silabi haijaongezwa.

6. Mambo ya kuzingatia

Wenzangu, wengi wetu tunarekodi. Kuna wanaofoka, kuna kwaya, na chama chetu kina wimbo wake. Simu moja leo yaweza kufanya kazi ambayo zamani ilihitaji studio. Kwa hiyo:

(i) Kabla ya kurekodi, andikeni nani ametunga maneno, nani ametunga sauti, na kanda itakuwa ya nani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

(ii) Usitie sahihi karatasi usiyoielewa. Mwombe mwalimu au mzazi aisome nawe.

(iii) Wekeni nakala mahali pawili au zaidi.

(iv) Mkirudia wimbo wa zamani, andikeni mwaka wa kurekodi upya. Kuna wauzaji wanaouza kanda mpya kama kwamba ni ya zamani, na huo ni udanganyifu kwa msikilizaji. Kanda mpya haina haja ya kujificha nyuma ya ya kwanza.

(v) Mtunzi akiwa hayupo tena, nendeni kwa warithi wake kabla ya kwenda studioni.

Maswali ya kujipima

1. Tofautisha utunzi na kanda ya asili ukitoa mfano mmoja kwa kila kimoja.
2. Kwaya ya shule imerekodi wimbo uliotungwa na mwanafunzi wa Kidato cha Pili, kwa mipango na gharama ya mwenye studio. Eleza nani ana haki gani.
3. Eleza jinsi santuri ilivyoathiri umbo la nyimbo za zamani.
4. "Wimbo uliorekodiwa upya si wimbo ule tena." Jadili ukirejelea utendaji katika fasihi simulizi.
5. Muulize mtu mzima nyumbani kwenu kuhusu wimbo mmoja anaoukumbuka lakini hausikiki tena popote. Andika maneno yake, jina la mtunzi, na mahali ulipoimbwa. Lete daftari lako kwenye mkutano wa chama.