Kufasiri Masharti ya Kinga ya Moto katika Mashimo ya Lifti: Uchunguzi wa Kisemantiki

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza jinsi maana ya kanuni za ujenzi inavyoweza kupotoka pale kanuni hizo zinapoelezwa kwa Kiswahili. Data yetu ni masharti yahusuyo mashimo ya lifti katika Kanuni ya Kimataifa ya Majengo, toleo la 2018. Kanuni hiyo ilitolewa kwa mara ya kwanza nchini Marekani mwaka 2000, na huwa na nguvu ya sheria pale jimbo au mji wa huko unapoipitisha. Si sheria ya Tanzania. Hata hivyo, tangu Bunge la Tanzania lilipopitisha marekebisho ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, swali la namna ya kuandika masharti ya kiufundi kwa lugha hii haliwezi tena kuahirishwa.

Tumeteua mashimo ya lifti kwa sababu kosa la lugha hapo laweza kugharimu maisha. Shimo la lifti ni uwazi unaotoka chini ya jengo hadi juu, na moshi hupanda humo kama katika dohani. Tarehe 21 Novemba 1980 hoteli ya MGM Grand mjini Las Vegas ilishika moto. Moto wenyewe ulikuwa sehemu za chini, lakini wengi wa watu 85 waliofariki walikuwa juu, wakauawa na moshi uliopenya kwa mashimo ya lifti, ngazi na njia nyingine za wima.

2.0 Kuhesabu Ghorofa

Kanuni inasema kwamba kuta za shimo linalounganisha ghorofa nne au zaidi sharti zihimili moto kwa muda usiopungua saa 2. Zikiwa pungufu ya nne, muda usiopungua saa 1. Vyumba vya chini ya ardhi huhesabiwa, ila sakafu ndogo za kati, zinazofunika sehemu tu ya chumba kilicho chini yake, hazihesabiwi.

Neno ghorofa linaonekana kuwa kisawe kamili. Sivyo. Katika matumizi ya kawaida, nyumba ya ghorofa moja ni ile yenye makazi ya chini na ghorofa moja juu yake. Kimarekani, sehemu ya chini ndiyo ya kwanza. Tuchukue jengo lenye chumba cha chini ya ardhi, sehemu ya usawa wa ardhi, na ghorofa mbili juu yake. Kwa kanuni, shimo linalozifikia zote linaunganisha nne, hivyo kuta zake ni za saa 2. Fundi wa Kiswahili ataliita jengo la ghorofa mbili na kujenga kuta za saa 1. Kinga imepungua kwa nusu, na hakuna aliyekusudia kuvunja sheria.

Yawezekana kujibu kwamba sheria ifafanue ghorofa kwa maana mpya. Kwa maoni yetu, fafanuzi inayopingana na mazoea ya wasemaji ni dhaifu, kwani husahauliwa nje ya kurasa za sheria. Tunapendekeza tabaka, likifafanuliwa kuwa nafasi yoyote baina ya sakafu na sakafu au paa iliyo juu yake, pamoja na zilizo chini ya ardhi, isipokuwa sakafu ndogo za kati.

3.0 Ukanushi na Ulazima

Kanuni inaongeza kwamba uwezo wa kuta za shimo usiwe chini ya ule wa sakafu zinazotobolewa, lakini mjenzi halazimiki kuvuka saa 2. Linganisha:

(1) a. Si lazima uwezo huo uzidi saa 2.
b. Ni lazima uwezo huo usizidi saa 2.
c. Uwezo huo haupaswi kuzidi saa 2.

Katika (1a) ukanushi unatawala ulazima, nao huacha hiari. Katika (1b) ulazima unatawala ukanushi, nao huleta katazo. Tungo (1c) ndiyo yenye mtego: kimofolojia kikanushi kimeambatana na kitenzi cha ulazima, kama katika (1a), lakini wasemaji huielewa kama (1b). Mfasiri atakayeandika (1c) atakuwa amemkataza mjenzi kuweka ukuta imara zaidi, jambo ambalo kanuni haikulisema.

4.0 Mawanda ya Viunganishi na Viarifu vya Ujumla

Milango ya shimo huhitaji kinga ya ziada dhidi ya moshi, kwa mfano ukumbi uliozungushiwa kuta mbele ya lifti, pale shimo linalotakiwa kuwa na kuta za kuhimili moto linapounganisha zaidi ya matabaka matatu, na pia sharti mojawapo la orodha fulani linapotimia. Katika orodha hiyo yamo jengo refu lenye shimo la zaidi ya futi 75 (mita 22.86), na jengo lifuatalo:

(2) Jengo halina vinyunyizio vya maji mahali pote.

Tungo (2) ina fasiri mbili: ama vinyunyizio havipo popote, ama vipo baadhi ya mahali tu. Kanuni inakusudia majengo ya aina zote mbili. Mwenye jengo lenye vinyunyizio katika nusu yake aweza kushikilia fasiri ya kwanza na kujiondoa katika sharti. Afadhali kuandika: jengo ambalo angalau sehemu yake moja haina vinyunyizio. Vivyo hivyo, orodha yenye na na au bila neno mojawapo haionyeshi kiunganishi kipi kinatawala kingine.

5.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba matatizo haya hayatokani na uchache wa istilahi. Lifti, ukuta na moshi vina majina. Matatizo yamo katika mazoea ya kuhesabu, katika nafasi ya kikanushi, na katika mawanda ya viunganishi. Haya ni mambo ya mwanaisimu kabla hayajawa ya mhandisi. Tunapendekeza kila kifungu kijaribiwe hivi kabla ya kupitishwa: wasomaji wawili wapewe maelezo ya jengo moja, kila mmoja aseme ukuta upi unatakiwa. Wakitofautiana, kifungu kirudishwe kwa mwandishi, hata kama sarufi yake ni safi.