Kisu Hakimo Kwenye Orodha: Maneno ya Kukata na Kunoa, kutoka Pwani hadi Kinsevere

Mwaka 1952 mwanaisimu Morris Swadesh alichapisha orodha ya maneno 200 ya msingi, na tangu hapo karibu kila mwanafunzi anayekwenda kukusanya data huibeba, au hubeba moja ya zile zilizotokana nayo. Ndani yake kuna kukata, kupasua na kuchoma kwa ncha. Kuna pia sifa mbili, kali na butu, na ili msaili asichanganye ukali wa chuma na ukali wa mtu, zimewekewa mfano: kama kisu. Ila kisu chenyewe hakimo. Kinaitwa kutoa ushahidi kwa maneno mengine, kisha kinaachwa nje ya mlango.

Sababu inaeleweka. Swadesh alitafuta maneno yasiyobadilika upesi, na vyombo hubadilika pamoja na biashara na mitindo. Tunaweza kulipima jambo hilo kwa lugha zetu wenyewe. Kiswahili kinasema kisu. Kibemba, ambacho wengi wetu hapa Lubumbashi tunakisikia tangu utotoni, kinasema umwele, na Kiluba cha Kasai mwele. Kilingala kina mbeli na Kikongo mbeele. Kichewa kinasema mpeni, Kiganda akambe, Kikikuyu kahiũ. Lugha hizi zote ni za Kibantu, nazo hazikubaliani juu ya chombo kilicho katika kila nyumba.

Sasa chukua tendo la kukitunza. Kiswahili: noa. Kichewa: nola. Kikikuyu: noora. Kizulu, mbali kabisa kusini: lola. Hapa udugu unasikika bila darubini. Jina la chombo limebadilika mara nyingi. Jina la kazi ya kukitia makali limebaki karibu lile lile. Nadhani hili lingestahili kipindi kizima darasani, kwa sababu tumezoea kuanza uchunguzi wa msamiati na nomino, tukiamini kwamba nomino ndiyo mfupa na kitenzi ni nyama. Kwa upande wa visu, mfupa ni kitenzi.

Hata hivyo nomino zina jambo lake, na liko katika ngeli. Shina la kisu ni -su, silabi moja tu. Ukitaka kulikuza, unapata jisu. Ukitaka kulidunisha, huwezi kuweka ki- peke yake kwa kuwa kisu tayari kimeivaa, kwa hiyo unapata kijisu, kwa njia ile ile mti unavyotoa kijiti na mwiko unavyotoa kijiko. Shina panga linaonyesha mchezo mwingine. Upanga, pamoja na u- yake, ni chuma kirefu na chembamba cha vita. Panga, bila kiambishi, wingi mapanga, ni chuma kipana cha shambani. Chuma ni kile kile na shina ni lile lile. Umbo limebebwa na ngeli. Wembe nao uko upande wa u-, mwembamba kama inavyotarajiwa, wingi nyembe. (Kipanga, kwa wale watakaouliza, ni ndege mwindaji. Sitathubutu kusema kwamba alipata jina lake kutokana na kucha.)

Zaidi ya hapo majina hufuata kazi. Mgema wa pwani hupanda mnazi na kotama, kisu kipana kilichopinda cha kugemea tembo. Mvunaji ana mundu. Mmasai ana sime kiunoni. Jambia limekuja na Waarabu, chuma kwa jina, nalo lina makali kuwili. Sehemu za kisu pia zina majina ambayo kamusi zetu za Kifaransa na Kiswahili huyapita haraka: mpini wa kushikia, ala ya kuhifadhia, ncha, bapa lile la ubavuni lisilokata, na makali. Angalia hilo la mwisho. Ukali ni tabia, ya mtu, ya pilipili, ya jua. Makali ni mahali: ule mstari mwembamba ambapo pande mbili za chuma hukutana. Mwanafunzi anayeandika “ukali wa kisu” hajakosea sana, lakini huwezi kunoa ukali. Unanoa makali.

Nimefanya kazi hii katika vijiji vya njia ya Kinsevere, kilomita 30 hivi kaskazini mwa Lubumbashi, mahali panapojulikana duniani kwa mgodi wa shaba. Shaba ndiyo sifa ya Katanga tangu zamani sana. Makaburi ya Sanga kando ya ziwa Kisale, yaliyoanza kufukuliwa mwaka 1957, yalitoa mapambo na misalaba midogo ya shaba pamoja na vyombo vya chuma. Mgawanyo huo una maana. Shaba ni laini. Inang’aa, inakunjika, inafaa kuwa pete, waya au fedha, lakini haishiki makali. Penye kukata palihitajika chuma, na shaba ilipoingia kwenye kisu mara nyingi ilikuwa waya wa kuzungushia mpini. Mtu anaweza kuishi juu ya shaba ya Kinsevere na bado anunue panga la chuma lililotoka mbali.

Panga hilo analihitaji. Watu wa vijiji vile hulima mihogo na mahindi, na wengine hukata miti ya miombo kwa ajili ya makala (yale yanayowaka kwenye jiko, si haya unayoyasoma). Jikoni kuna kisu kidogo cha lengalenga, cha nyanya, na cha tomsoni iliyogandishwa, ambayo humaliza makali kuliko kitu kingine chochote. Na Kiswahili kinachosemwa hapo ni chetu: kisu kimoja, bisu bibili, kisu yangu, si kisu changu. Kidogo kikiwa kidogo zaidi nilisikia kakisu. Wenzetu wanaosahihisha insha watachora mstari mwekundu. Lakini hebu tuangalie kwa utulivu: ka- inaondoa tatizo lile lile ambalo Kiswahili cha pwani kilitatua kwa kijisu, nalo ni jinsi ya kudunisha neno ambalo tayari limevaa ki-. Ni majibu mawili kwa swali moja la sarufi, na sijaona kwa nini moja liitwe sarufi na jingine uchafu.

Turudi kwenye vitenzi, maana ndipo penye utajiri. Kukata ni jina la jumla. Chini yake Kiswahili kinatofautisha kuchinja na kuchuna, kupasua na kuchanja, kumenya, kuchonga, kunyoa, kufyeka majani, kupogoa matawi. Kila kimoja kina kifaa chake kisichotajwa: hakuna anayefyeka kwa wembe. Chanja lilitoka kwenye kupasua kuni na kutoja ngozi, likafika hospitali likawa chanjo.

Kitenzi kinachostahili kusimamiwa zaidi ni keketa. Maana yake ya zamani ni kukata kwa taabu na kifaa butu, kwenda na kurudi mahali pamoja. Ukali haumo; umo ukosefu wake. Katika Kenya na Tanzania neno hilo limekuwa jina la kuwakata wasichana sehemu za siri: ukeketaji. Kiswahili kilikuwa tayari na tohara na kutahiri, maneno ya heshima yanayobeba dini na desturi. Waliosema ukeketaji wakakataa heshima hiyo, na walifanya hivyo kwa kisu butu kilichofichwa ndani ya kitenzi. Kenya ilipitisha sheria maalumu ya kukipiga marufuku kitendo hicho mwaka 2011, na msikilizaji wa taarifa za Kiswahili hahitaji kuelezwa mwandishi amesimama upande gani: kitenzi kimeshasema. Mtafsiri atakayeandika “kukata” mahali pa “kukeketa” atakuwa amelifuta kosa kutoka kwenye sentensi.

Je, kisu huwaje butu? Nalieleza kwa urefu kidogo kwa sababu bila kulijua hatuwezi kuuliza maswali mazuri. Mara nyingi makali hayajaisha, yamejikunja. Mstari ule ni mwembamba mno, na ukigonga sahani, jiwe au mfupa hulala upande mmoja. Ndiyo maana ubao ni bora kuliko sahani. Kisu butu pia ni hatari zaidi: mkono unakandamiza kwa nguvu, ngozi ya nyanya inateleza, na chuma kinaishia kwenye kidole.

Kunoa ni kusaga pande zote mbili hadi zikutane upya. Kinoo, jiwe la kunolea, hulowanishwa maji ili unga wa chuma usizibe vitundu vyake. Kisu cha jikoni hulazwa karibu na jiwe, mgongo wake ukiinuka kiasi cha upana wa kidole kidogo, nyuzi 15 hadi 20 hivi, na pembe hiyo isibadilike kutoka mwanzo hadi mwisho wa msuguo. Kazi ni kutobadilisha pembe. Nguvu si kitu. Ukisugua upande mmoja vya kutosha, upande wa pili hujitokeza ukingo mdogo wa chuma unaokwaruza kidole kikipitishwa kwa kukatisha makali (kamwe si kwa kufuata urefu wake). Hapo unageuza. Mwishoni unapitisha kwa wepesi, upande huu na upande ule, mpaka ukingo ule uondoke. Asiye na kinoo hutumia duara lisilopakwa rangi chini ya kikombe cha udongo, nalo hufanya kazi vizuri ajabu.

Panga ni habari nyingine. Linapiga mti, kwa hiyo makali membamba sana yangevunjika. Pembe yake iwe kubwa zaidi, na kwa kuwa chuma chake ni laini kuliko cha kisu kizuri, hunolewa kwa tupa, ambayo kwetu wengi huiita kwa jina la Kifaransa, lime. Meno ya tupa hukata yakisukumwa mbele tu. Anayeivuta kwenda na kurudi kama msumeno anaharibu tupa. Jiwe la mashine ni la haraka na ndilo linaloua visu vingi: chuma kikipata joto mpaka kigeuke buluu, kimepoteza ugumu wake, na makali utakayoyaweka hapo hayatadumu. Lazima kichovywe majini kila mara.

Nilipokuwa nauliza maneno njiani Kinsevere, “kali” na “butu” zilinishinda kwanza. Nikiuliza “mukali”, watu walinitajia bwana mkali au pilipili. “Butu” halikumfikia mtu. Lakini nilipoweka kisu mezani na kuuliza, “Mama, hii kisu iko namna gani?”, jibu lilikuja bila kusita: “Haikate.” Si sifa, ni kitenzi kilichokanushwa. Mama mwingine alikishika, akakijaribu juu ya jani, akasema: “Inakata lengalenga, haikate nyama.” Kwa Kiswahili hicho kisu hakina ubutu ndani yake. Kinakata kitu fulani au hakikikati, na lazima kitu chenyewe kitajwe.

Kwa hiyo kwenye safu ya “butu” ya karatasi yangu hakuna neno, kuna sentensi, na zinafuata sentensi nyingine za aina hiyo kulingana na kilichokuwa jikoni siku ile. Kwa watakaokwenda msimu ujao napendekeza wabebe kisu kimoja, kinoo, nyanya na kipande cha kamba ya katani. Waulize kabla ya kunoa, wanoe mbele ya watu, kisha waulize tena. Na wale wazee wanaokishika kisu na kuanza kunoa kabla ya swali kwisha, wawaache wanoe na waandike wanachosema mikono ikiwa kazini.