Mulikamwizi: Istilahi ya Teknolojia Kutoka Mitaa ya Eastlands

Wanaisimu wengi huhusisha chimbuko la Sheng na mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kama vile Kaloleni, Bahati na Jericho. Kwa sababu hiyo, neno la teknolojia linalosikika mitaani humo hushukiwa kabla ya kuchunguzwa. Makala haya yanalichunguza moja.

Mnamo mwaka wa 2003, kampuni ya Nokia ilitoa simu ya 1100. Haikuwa na kamera wala intaneti, ila ilikuwa na kurunzi ndogo utosini. Ziliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Wakenya waliiita mulikamwizi, na jina hilo likaenea hadi kwa kila simu ya bei nafuu yenye kurunzi. Anayepanda ngazi za ploti stima ikiwa imepotea hahitaji kufafanuliwa maana yake. Utani wake nao u wazi: mwizi anayemulikwa huenda ameifuata simu iyo hiyo!

Tutazame umbo lake. Ni kitenzi mulika na nomino mwizi, bila kiambishi cha ngeli mwanzoni. Ndivyo yalivyoundwa zimamoto, chemshabongo na pimamaji, kile kifaa cha fundi mwashi. Hakuna hata silabi moja ya Kiingereza. Kwa hivyo liandikwe neno moja, ingawa wengi hulitenga. Upatanisho wake ni wa ngeli ya I-ZI: mulikamwizi yangu imepotea. Asemaye "mulikamwizi wangu amepotea" atadhaniwa anamlilia mwizi.

Linganisha na tarakilishi, ambalo huelezwa kuwa mhuluti wa tarakimu na akili. Uhulutishaji ni mbinu halali, lakini vipande vilivyokatwa havijitambulishi vyenyewe. Mwanafunzi sharti aelezwe. Pengine ndiyo maana kompyuta limebaki vinywani mwa wengi, hata mwa walimu wanaosahihisha insha. Rununu lina nafuu kidogo, kwa kuwa ni neno la kale la minong'ono lililopewa kazi mpya.

La kuvutia zaidi ni mabadiliko ya maana. Leo takriban kila simu janja ina kurunzi, tena kali kuliko ile ya 2003, lakini hakuna anayeiita mulikamwizi. Jina limeacha kutaja taa, likataja hadhi: simu ya vibonye, ya mtu asiye na kubwa. Kabambe limepitia njia ya kinyume chake. Katika Kiswahili sanifu tunasema mpango kabambe, yaani madhubuti. Mtaani, kabambe ni simu duni kabisa. Hiyo ni kejeli kamili, na kamusi inayotoa fasili ya kwanza pekee itampoteza mgeni anayeuliza bei dukani Umoja.