Sifuri ya Kifaa Siyo Sifuri ya Hewa

Nyumbani kwetu ni Njombe, na baridi ya mwezi wa sita na wa saba kule si mchezo. Jioni jiko la mkaa linaingizwa ndani, mlango na dirisha vinafungwa. Mkaa ukiungua kwenye hewa haba hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshikamana na hemoglobini zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa kinauma, usingizi unakuja, na mtu anaweza asiamke. Kwa hiyo nawaunga mkono wenzangu wanaorudi likizo na kipima gesi. Ila kiwe kizima, maana kibovu utalala ukikiamini.

Ndani ya kihisi kuna elektrodi na elektroliti. Gesi ikiingia, mmenyuko wa kemikali hutoa mkondo mdogo wa umeme. Gesi ikizidi, mkondo unazidi. Pasipo gesi hapana mkondo, kioo kinaandika 0. Lakini kihisi kilichokufa nacho hakitoi mkondo, na kioo kinaweza kuandika 0 ileile. Hapo ndipo mtego ulipo! Kitufe cha majaribio nacho kwa kawaida hupima betri, king'ora na saketi tu.

Basi chunguza hivi:

1. Namba inachelewa kupanda: pengine vumbi limeziba chujio. Futa kwa brashi laini na kavu. Usioshe.

2. Namba haishuki hadi 0 ukiwa nje: sifuri imehama. Kama kifaa chako kinaruhusu, isawazishe upya kwenye hewa safi kweli. Usifanye hivyo kando ya barabara kuu pale Makambako malori yakinguruma, wala Njombe alfajiri moshi wa kuni ukiwa umetanda. Ukifanya hivyo, unakifundisha kuwa moshi ule ndio sifuri, na chumbani kitasoma pungufu. Nenda shambani penye upepo.

3. Kinalia na jiko halijawashwa: kitakasa mikono, pafyumu au hidrojeni ya betri ya sola inayochajiwa vinaweza kukidanganya. Lakini kwanza tokeni nje wote, uchunguzi baadaye.

4. Kimetoka kwenye baridi kali: kipe muda kizoee joto la chumba ndipo usome.

5. Tarehe ya mwisho imepita: kibadilishe. Kihisi huzeeka hata kikikaa kabatini.

Uthibitisho wenyewe ni kukipitishia gesi ya kiwango kinachojulikana. Ukikipa sehemu 100 kwa milioni, kisome karibu na 100. Kabla ya kufunga chuo, ulizia maabara kama wanayo gesi hiyo, na umwachie mtaalamu aishike. Usijaribu mwenyewe kwa jiko chumbani.

Na hata kikifaulu majaribio yote, ukifika nyumbani jiko la mkaa lilale nje. Waambie wazazi hivyohivyo, na blanketi la pili liongezwe kitandani.