SOMO LA KIKUNDI: MOMBASA, MLANGO WA MIZIGO YETU



Katika mkutano mmoja tulioalikwa, mama mmoja alisimama akauliza: "Mvua imekuja vizuri, shamba tumelima mapema. Mbona mbolea imepanda bei? Nani anaipandisha?" Watu walicheka, kisha wakanyamaza. Wengine wakasema ni mwenye duka, wengine wakasema ni serikali. Sisi nasi siku hiyo hatukuwa na jibu la kutosha, tukaahidi kuandika.

Sehemu kubwa ya jibu iko Mombasa. Wengi wetu hatujafika huko, lakini mbolea yetu, mafuta ya taa, nguo za mitumba na chuma cha jembe vimepita pale. Na chai tunayochuma hupita pale ikienda nje. Kwa hiyo leo tujifunze habari za mji huu.

1. MJI ULIOISHI KWA UPEPO

Mombasa ni kisiwa. Jina lake la zamani ni Mvita, na wenyeji husema limetokana na vita vingi vilivyopiganwa hapo. Kwa nini watu walipigania kisiwa kidogo hivyo? Ni kwa sababu ya bandari.

Zamani majahazi yalitoka Arabuni na Bara Hindi kwa upepo wa kaskazi, kuanzia Desemba hivi. Yalileta nguo, tende, shanga na vyombo. Upepo wa kusi ulipoanza, karibu na Aprili, yalirudi na pembe za ndovu, ngozi, nafaka na boriti za mikoko. Tusifiche pia kwamba watu waliuzwa kama watumwa. Ndiyo maana mwaka 1875 wamisionari wa CMS walianzisha Freretown, ng'ambo ya kisiwa, iwe makao ya waliokombolewa.

Pembe na nafaka hazikuota kisiwani. Wakamba walileta pembe kwa misafara kutoka bara, na Wamijikenda walileta mazao kutoka vijiji vya nyuma ya pwani. Mtu wa kati, aliyejua bei ya bara na bei ya jahazini, ndiye aliyepata faida kubwa. Tulikumbuke jambo hili, tutalirudia.

Vasco da Gama alifika mwaka 1498. Mwaka 1505 Wareno waliuchoma mji, na kuanzia 1593 wakajenga Ngome ya Yesu, yaani Fort Jesus. Waomani waliizingira ngome toka 1696 hadi 1698 wakaitwaa. Baadaye ukoo wa Mazrui ulitawala, mpaka Seyyid Said alipouchukua mji mwaka 1837. Waingereza wakafuata, na mwaka 1895 nchi ikawa chini ya ulinzi wao. Watawala walibadilika, lakini kila mmoja alitaka kitu kile kile: kukaa mlangoni na kutoza ushuru.

2. RELI YAGEUZA MAMBO

Mwaka 1896 reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa. Ilifika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Mzigo uliobebwa kichwani kwa miezi sasa ulikwenda kwa siku chache.

Bandari ya Kale, upande wa mashariki wa kisiwa, ilikuwa ndogo kwa meli kubwa. Kazi ikahamia upande wa magharibi, Kilindini, mahali penye kina kirefu. Magati ya kwanza ya meli kubwa yalikamilika mwaka 1926. Kahawa, pamba na baadaye chai zikatoka. Mashine na mafuta yakaingia. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Kenya ikaunda shirika lake la bandari mwaka 1978.

Siku hizi mizigo mingi huja ndani ya kontena, yaani masanduku makubwa ya chuma. Mwaka 2014 bandari ilipita makontena milioni 1 kwa mwaka, yakihesabiwa kwa kipimo cha futi 20. Mizigo mingine si yetu. Ni ya Uganda, Sudan Kusini, Rwanda na Kongo.

3. WALIOBEBA MIZIGO

Kabla ya mashine, magunia yalibebwa mgongoni na makuli. Mishahara ilikuwa midogo, nyumba ghali, na wengi waliandikwa kazi ya siku moja moja. Januari 1947 wafanyakazi wa bandari, reli na kazi nyingine waligoma pamoja. Mji ukasimama karibu wiki mbili. Chege Kibachia akawa kiongozi wao. Mwaka huo huo alikamatwa akapelekwa kuishi mbali, huko Baringo. Lakini mishahara iliongezwa. Mmoja mmoja hawakusikilizwa. Waliposimama pamoja, walisikilizwa.

4. SAFARI YA MFUKO WA MBOLEA

Sasa turudi kwa swali la mama. Karibu mbolea yote ya viwandani tunayotumia hutoka ng'ambo. Tuifuate pole pole:

(a) Mwagizaji hulipa kwa dola. Shilingi ikishuka, bei hupanda hata kama huko ilikotoka haikubadilika.
(b) Meli hukodiwa. Ikikaa baharini kungojea gati, kila siku ina gharama.
(c) Mbolea hushushwa na kutiwa mifukoni. Hapo kuna malipo ya bandari, ukaguzi, forodha na wakala wa kutoa mizigo. Ikichelewa kutoka, hulipiwa ghala.
(d) Lori au treni huipeleka bara. Mombasa mpaka Nairobi peke yake ni karibu kilomita 480. Dizeli ikipanda, nauli ya mzigo hupanda.
(e) Kisha kuna muuzaji wa jumla, mwenye duka la mjini, na boda boda mpaka kwako.

Kila mkono hulipwa, na mingi inafanya kazi ya haki. Lakini wa mwisho hawezi kumsukumia mwingine gharama. Huyo ndiye mkulima. Mwaka 2022 vita vya Urusi na Ukraine vilipoanza, mfuko wa kilo 50 ulipita shilingi 6,000 kwetu, mpaka serikali ikaweka ruzuku. Vita vilikuwa mbali, lakini vilitufikia kupitia mlango ule ule.

5. NA CHAI YETU?

Chai hufuata njia hiyo kwa kurudi nyuma. Mnada wa chai ulianza Nairobi mwaka 1956 ukahamia Mombasa mwaka 1969. Huuza pia chai ya majirani kama Uganda na Rwanda. Wanunuzi hupeleka Pakistan, Misri, Uingereza na kwingineko. Bei ni kwa dola. Wao huonja chai kabla ya kununua, kwa hiyo majani magumu yaliyotiwa kapuni kijijini hugunduliwa huko Mombasa, na bonasi ya kila mmoja hupungua.

6. NJIA IKIZIBWA

Mapema mwaka 2008, wakati wa fujo za baada ya uchaguzi, barabara zilizibwa na reli ikang'olewa Kibera. Uganda na Rwanda zikakosa mafuta. Mji wenyewe nao huumia njia ikibadilishwa. Reli mpya ilifunguliwa mwaka 2017, na mwaka 2019 ikaamriwa mizigo ya bara ipelekwe kwa treni. Wenye malori, mafundi, wenye maghala na akina mama wa vibanda vya chakula Mombasa wakapoteza riziki, na watu wakaandamana. Amri hiyo iliondolewa Septemba 2022. Tunajifunza kwamba bandari haiishi bila bara, wala bara bila bandari.

7. BASI TUFANYE NINI?

Bei ya meli hatuiwezi. Lakini mikono ya mwisho iko karibu nasi. Tuseme, kwa mfano tu, wanachama 20 wananunua mfuko mmoja mmoja mjini. Kila mmoja analipa nauli 200 kwenda na kurudi, na 100 ya mfuko. Jumla ni shilingi 6,000. Wakituma watu wawili kwa nauli 200, nao warudi na pikapu ya kukodi kwa 3,000, jumla ni 3,200. Zimebaki 2,800, yaani 140 kwa kila mtu, kabla hata ya kuomba bei ya jumla.

Pia wekeni daftari. Andikeni bei ya mbolea kila mwezi, mahali iliponunuliwa na nauli iliyolipwa. Baada ya mwaka mtajua ni mwezi gani wa kununua, na broka hatawadanganya. Mtu wa kati tuliyemtaja alipata faida kwa sababu alijua bei za pande zote mbili. Sisi nasi tuzijue. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Tajeni vitu vitano nyumbani mwenu vilivyopita Mombasa.
2. Mfuko wa mbolea hupita mikono mingapi kutoka mjini kwenu mpaka shambani? Ni mkono upi tunaweza kuupunguza?
3. Wafanyakazi wa 1947 walipata nini kwa kusimama pamoja? Walilipa gharama gani?
4. Nani katika kikundi atashika daftari la bei, na litasomwa lini?

Mkishazungumza, tuandikieni mlichokubaliana, ili vikundi vingine navyo vijifunze kwenu.